Kuuguliwa: neno ambalo sheria ya kazi inalijua nusu

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya ugonjwa vilivyotoka shina moja. Anayeumwa mwenyewe anaugua. Anayekaa na mgonjwa, akamlisha uji, akamgeuza kitandani na kukimbizana na majibu ya maabara, anauguza. Na yule ambaye mtu wake ameanguka kitandani, yeye mwenyewe akiwa mzima wa afya, ameuguliwa. Kitenzi hiki cha tatu kimejengwa kama kufiwa: mwili ulioumia si wako, lakini jambo limekupata wewe.

Neno lenyewe utalikuta zaidi kwenye simu za wasimamizi kuliko kwenye vitabu. "Shikamoo bosi. Samahani kwa kukusumbua usiku. Nimeuguliwa, mtoto amelazwa tangu saa nane, nipo naye wodini. Naomba ruhusa ya leo na kesho." Majibu hutofautiana. Kuna "Pole sana, tujulishe anavyoendelea." Kuna "Kwani mama yake yuko wapi?", hasa muombaji akiwa mwanaume. Kuna tiki mbili za bluu na kimya, na kimya ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu baadaye kila upande utakisoma unavyotaka: mfanyakazi atasema aliaga, bosi atasema hakuruhusu.

Asiyezijua hospitali zetu atauliza, mgonjwa akishalazwa ndugu anabaki kufanya nini? Anabaki kufanya kazi. Ndiye anayetoka nje kutafuta dawa iliyokosekana ndani, anayelipia kipimo dirishani au kuhangaika na kadi ya bima, anayepigia ukoo mzima simu kutafuta watu wa kuchangia damu, anayefua mashuka, anayefika na chakula saa za kuona wagonjwa. Mgonjwa akiwa mtoto mdogo, mzazi analala hapohapo. Mgonjwa wa saratani aliyetoka Kigoma hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akapangiwa mionzi, anaweza kukaa mjini wiki kadhaa. Aliyemsindikiza naye ana kazi huko alikotoka, na huko daftari la mahudhurio linaendelea kusainiwa bila yeye.

Sasa tuone sheria inalitazama vipi jambo hili. Kwa waajiriwa wengi wa Tanzania Bara, ya kufungua ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. (Zanzibar ina yake ya mwaka 2005, na wanajeshi, polisi na magereza wana taratibu zao.) Kuugua, sheria hii inakujua vizuri. Ukiwa na cheti cha daktari una siku 126 ndani ya miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hiyo ndiyo likizo ya ugonjwa, ile ambayo watu huiendea na karatasi ya ED mkononi, yaani ya daktari ya kukupumzisha kazi. Ni ya mwili wako mwenyewe. Mgonjwa akiwa mtu mwingine, hata awe mtu unayelala naye chumba kimoja, siku hizo hazikuhusu.

Kuuguliwa kumewekwa kwingine, kwenye kifungu kinachochanganya siku za baba aliyepata mtoto na mambo mengine ya kifamilia. Hapo mfanyakazi anapewa angalau siku nne zenye malipo kwa sababu hizi: mtoto wake kuugua au kufariki, au yeye kufiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Isome tena polepole. Ugonjwa umetajwa mara moja tu, na ni wa mtoto. Wengine wote wanaingia kwenye orodha wakiwa marehemu.

Yaani mama yako mzazi akipooza upande mmoja leo, akalazwa, sheria haina siku yenye malipo ya kukupa ukamuuguze. Akifariki, inakupa siku nne ukamzike. Kwa mke au mume ni vilevile. Nimekaa na watu waliobisha hadi wakasimama, kwamba haiwezekani, lazima kuna kifungu kingine mahali fulani. Walinyamaza walipoisoma wenyewe.

Halafu siku nne zenyewe ni za mwaka mzima wa likizo, si za kila tukio. Mtoto akilazwa Machi kwa malaria, ukatumia siku tatu, imebaki moja. Akiugua tena Agosti, unaimaliza hiyo moja. Babu akifariki Oktoba, mfuko ni mtupu. Mwajiri anaweza kuruhusu siku za ziada, ila hizo hazina malipo. Na kabla ya kulipa zile nne ana haki ya kudai uthibitisho wa maana, kama karatasi ya kulazwa au ya kuruhusiwa kutoka hospitali.

Hata kuzifikia siku hizo kuna mlango. Mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sheria hii. Hapo ndipo wanapoangukia vibarua wengi, wale wanaoachishwa mwezi wa tano na kuitwa tena baada ya wiki mbili kana kwamba ni wageni. Lakini hapa sheria imeacha tundu ambalo wengi hawalijui: aliyeajiriwa zaidi ya mara moja na mwajiri yuleyule ndani ya mwaka, vipindi vyake vinajumlishwa, na jumla ikizidi miezi sita anaingia. Anayeweka kumbukumbu ya tarehe zake kwenye daftari dogo ana hoja mkononi, na mimi ningemshauri kila kibarua awe nalo.

Neno la kuangalia katika kifungu hicho ni "angalau". Siku nne ni sakafu. Juu yake mwajiri anaweza kuongeza siku, au kuongeza watu wanaohesabika, na penye chama cha wafanyakazi chenye nguvu nyongeza hizo huandikwa kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, soma mkataba wako na kanuni za kazini kwako. Kuna sehemu ambazo mzazi na mwenza wamo wangali hai.

Pasipo na nyongeza, watu wanajitafutia njia. Ya kawaida ni kuigawa likizo ya mwaka, zile siku 28, na kula vipande vyake wodini. Anayefanya hivyo, ikifika Desemba hana likizo, na kwenye hesabu za ofisi anaonekana alipumzika. Njia ya pili ni kuugua kwa niaba ya mgonjwa: mama yuko kitandani nyumbani, mwana anakwenda zahanati kulalamika mgongo ili apate ED. Ya tatu ni kumfisha mtu. Kila ofisi ina hadithi yake ya bibi aliyezikwa mara tatu, na huwa tunacheka. Waajiri wanalalamika kwamba wafanyakazi ni waongo, na ni kweli wapo. Lakini angalia mahesabu. Aliyesema kweli kwamba anamuuguza baba yake anakatwa siku zake, aliyesema baba amefariki analipwa, na aliyesema anaumwa mwenyewe analipwa muda mrefu kuliko wote.

Upande wa pili wa hatari unaitwa utoro. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa au bila sababu inayokubalika, kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Vibarua vingi vimeota nyasi kwa njia hii. Mtu anampeleka mgonjwa kijijini, simu inaisha chaji, siku zinasonga, anarudi anakuta barua ya kujieleza mezani. Hapo kinachopimwa ni mambo mawili: uliomba ruhusa, na sababu yako inakubalika? Ugonjwa wa mtu wa nyumbani kwako unaweza kabisa kuwa sababu inayokubalika, hata kama haumo kwenye zile siku nne. Siku nne zinaamua utalipwa au hutalipwa. Kama wewe ni mtoro, hilo ni swali jingine, na mameneja wengi huyachanganya haya mawili, wengine kwa kutojua, wengine kwa makusudi.

Sheria ileile ina kifungu kingine ambacho hakisomwi sana. Inakataza mwajiri kubagua kwa rangi, kabila, jinsia, ujauzito, ulemavu na mengineyo, na ndani ya orodha hiyo yametajwa majukumu ya kifamilia. Pia inasema kumwachisha mtu kazi kwa sababu ambayo yenyewe ni ubaguzi si halali. Ukiviunganisha vifungu hivi viwili, mstari unaonekana. Mwajiri anayekukata mshahara wa siku ya tano hajavunja sheria, hata kama hana huruma. Mwajiri anayemnyima mama cheo kwa kumwambia "wewe una mtoto wa selimundu, kila mwezi uko hospitali, hutaweza", au anayemwachisha kwa neno hilohilo, amevuka mstari. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, umesema jambo hilohilo waziwazi: majukumu ya kifamilia, peke yake, si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Kenya mambo ni tofauti kidogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi za likizo ya mwaka, miezi mitatu kwa mama aliyejifungua, wiki mbili kwa baba, na siku saba za mshahara kamili na saba za nusu kwa mfanyakazi anayeugua mwenyewe. Ya kumuuguza ndugu haikuitengea siku zake. Ndiyo maana Mkenya akisema amepewa "off" ya kumpeleka mamake hospitali, uliza ilitoka wapi: kwenye sera ya kampuni, kwenye makubaliano ya chama, au imekatwa kwenye zile 21. Mara nyingi ni hiyo ya mwisho.

Kwa Waswahili walioko Marekani, sheria ya likizo ya familia na matibabu ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini Februari 1993 imekaa kinyume na yetu. Inatoa muda mrefu, wiki 12 kwa mwaka, na inalinda nafasi yako ya kazi, lakini haitoi hata senti. Inawahusu waliofanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 12 na kutimiza saa 1,250 katika mwaka uliotangulia, mahali ambapo mwajiri ana watu 50 au zaidi katika eneo la karibu. Wagonjwa wanaohesabika ni mtoto, mwenza na mzazi. Kaka, dada na mama mkwe hawamo. Ila mzazi maana yake si aliyekuzaa tu. Aliyekulea katika nafasi ya mzazi anaingia pia. Bibi aliyekulea Tanga tangu ukiwa mchanga, au mama mdogo aliyekusomesha na kukutunza kama wake, anaweza kuhesabiwa mzazi wako mbele ya mwajiri wa Houston. Watu wetu wengi wanajaza fomu wakiandika "bibi", wanakataliwa, na hawarudi kueleza kwamba huyo ndiye aliyewalea.

Kurudi Bara, yenye kukusaidia siku ya tukio ni machache na hayahitaji wakili. Omba ruhusa kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na utaje nani anaumwa, yuko hospitali gani, na unatarajia kurudi lini. Usiandike tu "nina dharura". Dharura ni neno pana, na la kukatalia pia. Siku ya kurudi ikisogea, andika tena kabla haijafika. Piga picha karatasi ya kulazwa ikiwa bado ipo kwenye faili la mgonjwa. Ukinyamaziwa, tuma ujumbe wa pili na mpe nakala mtu wa utumishi.

Kazi ikiisha kweli, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu ya msingi, lakini itabidi aieleze na aithibitishe. Siku 30 hizo zinaanza kuhesabiwa tangu ulipoachishwa, hata kama siku hiyo bado ulikuwa unalala kwenye benchi nje ya wodi.