Sanamu la mazoezi si mchezo

Wengi huamini daktari mchanga hukomaa kwa kumtazama bingwa akipasua, na kwamba mazoezi ya sanamu, yaani mfano wa mwili au kiungo, ni maigizo tu. Si kweli, na anayelipia kosa hilo ni majeruhi.

Chukua mfano wa kuingiza mpira wa kutoa damu au hewa kifuani mwa majeruhi. Kozini unaweza kupewa mbavu za mbuzi kutoka buchani. Unapapasa, unachana, unapenyeza koleo juu ya ubavu, kamwe si chini yake, maana mishipa ya damu na ya fahamu hupita ukingo wa chini. Kisha kidole kinaingia na kuhisi utando wa ndani ya kifua ukiachia. Hisia hiyo macho hayakupi. Ukikosea, unarudia, na hakuna aliyeumia. Wala hapo hapahitajiki mashine ya mamilioni.

Kozi maarufu ya ATLS, inayofundisha madaktari kuhudumia majeruhi, ilizaliwa na msiba. Mwaka 1976 daktari wa mifupa James Styner alianguka na ndege yake Nebraska, Marekani. Mkewe akafa, na huduma waliyopata watoto wake hospitalini ilimsikitisha sana. Miaka 2 baadaye, kozi ya kwanza ilifundishwa hukohuko Nebraska.