Kufufua Bentley T ya 1972 nyumbani: dhana potofu zinazoharibu gari, na ukweli wake

Kwa miaka mitatu sasa gereji ya nyumba yangu hapa Uingereza haina hata nafasi ya baiskeli. Imekaliwa na Bentley T ya 1972, gari lililozaliwa tumbo moja na Rolls-Royce Silver Shadow katika kiwanda cha Crewe. Kila jirani anayechungulia ana neno la kuniambia kuhusu magari haya, na mengi ya maneno hayo hata mimi niliwahi kuyaamini. Baadhi hayana madhara, baadhi yanakula pesa bure. Moja linaweza kuua mtu, kwa hiyo naanza nalo.

"Mafuta ya breki ni mafuta ya breki"

Hapana. Katika gari la kawaida mguu wako ndio unaosukuma mafuta ya breki. Katika Silver Shadow na Bentley T kazi kubwa inafanywa na injini. Pampu mbili ndogo zimekaa katikati ya V ya injini, zinapigwa na kemshafti, na zinajaza akumuleta mbili, yaani matungi ya kutunza presha yenye gesi ya nitrojeni, mpaka presha ifike karibu psi 2,500. Upepo wa tairi ni 30 na ushei, kwa hiyo hiyo ni takriban mara 80. Presha hiyo ndiyo inayobana breki, na ndiyo inayosawazisha nyuma ya gari abiria wakipanda, kwa mfumo uliotengenezwa kwa leseni ya Citroën. Kwenye gari la umri wa langu ipo pia njia ya tatu isiyotegemea pampu, lakini inashika sehemu ya breki za nyuma tu, na gari lina uzito wa zaidi ya tani 2.

Sasa angalia mafuta yenyewe. Yanapita ndani ya zile pampu na vali zake, na humo hakuna kilainishi kingine zaidi yake. Ndiyo maana kiwanda kiliagiza mafuta yake maalumu, RR363, yaliyotiwa kilainishi cha asili ya mafuta ya nyonyo. Ukimimina DOT 4, mafuta ya breki ya kawaida ya dukani, gari litasimama vizuri tu siku hiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Baada ya muda vali zinaanza kulia, na pampu zinasagika kimyakimya.

Kosa kubwa zaidi ni mafuta ya kijani, LHM. Hayo ni mafuta ya madini, na ni sahihi kabisa kwa magari ya baadaye ya Crewe kama Silver Spirit iliyotoka 1980. Mtu anasikia "Rolls-Royce inatumia LHM", ananunua, anajaza kwenye Shadow. Raba za Shadow hazikutengenezwa kwa mafuta ya madini. Zinavimba, zinalainika, zinaachia, na ukishamimina huwezi kusema utayaosha yatoke: kila raba iliyoguswa inatupwa, kuanzia mipira ya breki hadi sili za pampu. Kwa gari lililotulia gereji ni hasara ya fedha. Kwa gari lililo barabarani kwenye mteremko, sitaki kuliwaza.

Siku niliyoleta Bentley nyumbani nilifungua tangi la mafuta ya breki kabla hata sijafungua buti. Nikachovya ncha ya kitambaa cheupe. Kilitoka na rangi ya chai ya mkandaa iliyochemshwa mara mbili, na chini ya tangi mlikuwa na tope jembamba linaloteleza kidoleni. Kwenye mafaili ya gari nilikuta risiti ya gereji moja imeandikwa "mafuta ya breki, lita 1", bila aina. Risiti hiyo ilinipa kazi ya miezi minne. Nilifungua mfumo wote, nikabadilisha mipira yote, nikapeleka akumuleta kwa mtaalamu zikatiwa diaframu mpya na nitrojeni.

Nawasihi wanaofanya kazi hii peke yao nyumbani: kuzima injini hakuondoi presha. Akumuleta zinaibakiza ndani kwa muda mrefu. Kanyaga breki tena na tena mpaka taa zote mbili za onyo ziwake, endelea kukanyaga, kisha legeza skrubu za kutolea presha polepole, umevaa miwani. Usifungue bomba lolote kabla ya hapo.

"Boneti imepigwa lakiri kiwandani, fundi wa kawaida haruhusiwi kuigusa"

Hili nimelisikia tangu utotoni Tanga, na nimelikuta tena huku. Boneti inafunguliwa kwa mkono kama ya gari lolote. Vitabu vya mafundi wa Crewe vipo, vimeandikwa kwa uwazi ambao sijauona kwenye magari mengi ya leo, na vinampeleka msomaji nati kwa nati.

Ndugu yake ni ile hadithi kwamba sanamu ya mwanamke kwenye pua ya Rolls-Royce ni fedha tupu. Sanamu hiyo, kazi ya mchongaji Charles Sykes ya mwaka 1911, kwenye Silver Shadow ni chuma kisichoshika kutu. Wanaosema herufi RR ziligeuzwa kutoka nyekundu kuwa nyeusi kwa ajili ya msiba wa Henry Royce, aliyefariki Aprili 1933, nao wamekosea, maana uamuzi ulishafanywa kabla hajafa.

"Kila kipande kimetengenezwa Crewe kwa mkono, kwa hiyo spea hakuna"

Dhana hii inawakatisha tamaa watu wengi wenye uwezo wa kuokoa gari zuri. Bodi ya chuma ya Shadow ilitoka Pressed Steel, Cowley. Kabureta ni SU mbili. Gia boksi ya gari langu ni GM400 ya General Motors, gia tatu otomatiki, ileile iliyofungwa kwenye Cadillac na kwenye malori madogo ya Marekani. Gasketi na klachi zake za ndani nilizipata bila shida, kwa bei ya gari la kawaida. Crewe hawakuona aibu kununua kilicho bora kwa wengine, na hekima yao hiyo inatufaa sisi leo.

Wengi wanakosea pia mahali pa kuulizia. Wanaandika barua kwa Rolls-Royce ya sasa. Kampuni hiyo iko Goodwood, chini ya BMW, na imeanza kutengeneza magari huko 2003. Crewe ilibaki na Bentley, na urithi wa spea za magari ya zamani ya Crewe, ya Rolls-Royce na ya Bentley, umebaki upande huo. Ukitaka kujua gari lako lilitoka na rangi gani, ngozi gani na liliuzwa kwa nani, kumbukumbu zake zimetunzwa Hunt House, Paulerspury, yalipo makao ya Rolls-Royce Enthusiasts' Club. Nilipopata nakala ya kadi ya kiwandani ya gari langu niligundua kwamba rangi niliyokuwa nikiitunza kwa heshima zote si ya kiwandani hata kidogo.

"Rolls-Royce ndiyo adimu, Bentley ni ya bei ya chini"

Hesabu inasema kinyume. Silver Shadow ya kwanza, ya 1965 hadi 1976, zilitoka zaidi ya 16,000. Bentley T ya miaka hiyohiyo zilikuwa takriban 1,700 tu. Kimitambo ni gari moja. Tofauti iko puani: grili, boneti inayofuata umbo la grili hiyo, na nembo.

Hapo kuna jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua. Kwa kuwa vingine vyote vinaingiliana na Shadow, uadimu wa Bentley T haukupi tabu mpaka pale pua inapogongwa. Boneti yake na grili yake ndivyo vitu vigumu kuvipata. Nilipokwenda kukagua gari langu nilitumia nusu saa kwa injini na saa nzima kwa mita moja ya mbele.

"Sumaku itakuonyesha puti iko wapi"

Kwa magari mengi ni kweli. Unapitisha sumaku kwenye bodi, isiposhika unajua chini ya rangi kuna puti ya kujazia mashimo. Ukifanya hivyo kwa Shadow utakimbia gari zima, kwa sababu milango, boneti na kifuniko cha buti ni alumini. Sumaku haitashika hata kama ni nzima kama ilivyotoka kiwandani. Nimemwona kijana mmoja akimshutumu muuzaji kwamba milango yote minne "imejengwa kwa puti". Mzee wa watu hakujua hata ajitetee vipi.

Sumaku ipeleke kwenye chuma: vizingiti chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, sehemu ya chini ya mabawa ya mbele. Huko ndiko kutu inakokula, na inaanzia ndani, mahali maji na matope yanapotuama. Tao langu la nyuma kushoto lilikuwa linang'aa. Nililigusa kwa bisibisi bila kutumia nguvu, bisibisi ikazama mpaka mpini. Nilikata mpaka nikafika chuma kizuri, nikachomelea kipande kipya, nikapaka nta kwa ndani. Kuziba tundu la namna hiyo kwa puti ni kumwachia mwenzako bomu, kwa sababu gari hili halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu.

"Nchi ya joto haihitaji dawa ya rejeta, maji yanatosha"

Hii ni ya nyumbani kwetu kabisa, na nimewaeleza ndugu zangu Tanga na Mombasa mara nyingi kwa simu. Tunadhani ile dawa ni ya kuzuia maji yasigande, na kwetu maji hayagandi, basi ya nini? Lakini kazi yake ya pili ndiyo muhimu zaidi kwa injini hii. Bloku ya lita 6.75 ni alumini, na ndani yake zimepachikwa slivu za chuma, yaani mitungi ambamo pistoni zinapanda na kushuka, ambazo maji ya rejeta yanazigusa moja kwa moja. Metali mbili ndani ya maji matupu zinaanza kulana. Alumini inageuka unga mweupe, njia za maji zinaziba, raba zilizo chini ya slivu zinaanza kuvuja, na siku moja unayakuta maji kwenye oili. Weka dawa inayofaa alumini, changanya na maji yaliyosafishwa, ubadilishe kwa wakati wake. Ni kitu rahisi kuliko vyote kwenye gari hili, na kukipuuza kumeua injini ambazo zingeweza kuzunguka miaka mingine 30.

"Mbao zimepasuka vanishi, zipige msasa upake upya"

Mbao za dashibodi si mbao nzima. Juu ni ngozi nyembamba ya mti wa jozi, isiyofika unene wa milimita moja, imegandishwa juu ya plaiwudi. Vipande vyake vilikatwa kutoka gogo moja na kufunguliwa kama kurasa mbili za kitabu, ili michirizi ya kushoto iwe kioo cha michirizi ya kulia. Nililifahamu hilo baada ya kuharibu. Nilikuwa nasugua kifuniko cha sanduku la glavu kwa msasa laini, nikafurahia vumbi la kahawia, mara rangi ikabadilika ghafla kuwa njano ya plaiwudi, doa la ukubwa wa kucha. Kile kipande hakina mwenzake tena duniani. Vanishi ya zamani iondolewe kwa dawa na kikwangulio cha mbao, taratibu, na penye shaka mpelekee fundi wa samani.

"Anza na rangi, ukiliona linapendeza utapata moyo"

Nauelewa ushauri huu, kwa sababu miezi ya kulala chini ya gari bila kuona mabadiliko inachosha sana. Lakini rangi ikitangulia, kila spana inayodondoka baadaye inadondokea kwenye rangi mpya, na kila mafuta ya breki yanayomwagika yanaibabua. Tena gari linalong'aa lina tabia ya kumshawishi mwenyewe alitoe nje kabla halijaweza kusimama. Mimi nimefuata breki, kisha chuma, kisha injini na umeme, ndani ya gari, halafu rangi. Sijafika kwenye rangi. Pesa nilizoweka tayari zimepita thamani ambayo soko lingenipa, na anayeniambia nitazirudisha nikiuza hajawahi kulipia kazi ya krom.

Juzi jioni nilifanya kipimo cha akumuleta ambacho kila mwenye gari hili anaweza kukifanya mwenyewe. Nikawasha injini mpaka taa za onyo zikazimika, nikaiacha ikanguruma dakika chache, nikazima, kisha nikarudisha swichi bila kuwasha. Nikaanza kukanyaga breki huku nahesabu kwa sauti, macho kwenye taa. Siku niliyolinunua, taa ya kwanza iliwaka kwenye mkanyago wa nne. Safari hii mwanangu alikuwa amekaa kiti cha abiria, na tulipofika 30 akaanza kuhesabu pamoja nami. Taa iliwaka kwenye 52.