Tanki Tupu Si Tupu: Dhana Zinazowaangusha Madereva wa Shehena Hatari

Swali lenyewe ni fupi. Lori limeshusha Super (yaani petroli) yote kituoni Thika, linarudi depo ya Industrial Area, Nairobi, bila mzigo: vibao vya hatari vifanyweje? Madereva wenye leseni ya CE (ya malori makubwa yenye trela) na miaka mingi ya usukani hujibu bila kusita kwamba ving'olewe, kwa sababu tanki ni tupu. Wakiambiwa wamekosa, wanabisha. Basi tulimalize hili leo.

Vibao vinabaki. Vinabaki mpaka tanki lisafishwe na gesi iishe, au lijazwe kitu kisicho cha hatari. Anayesomea cheti cha EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta Kenya, akariri hilo kwanza, halafu aelewe sababu, maana mtahini anaweza kuligeuza swali hili kwa namna nyingi na aliyekariri tu ataanguka.

Mafuta yakishatoka, utando mwembamba hubaki kwenye kuta, kwenye mabamba ya kuzuia mzigo kuyumba, na kwenye paipu iliyo kati ya vali ya chini na mdomo wa kushushia. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Limuru alfajiri haisaidii kitu. Mvuke huo hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ndani ya hewa. Ukipungua hapo hauwaki, ukizidi hapo pia hauwaki kwa kukosa hewa. Kompatimenti (chumba kimoja cha tanki) iliyojaa petroli ina mvuke mzito mno juu ya mafuta, umepita kiwango cha juu kwa mbali. Unaposhusha, hewa inaingia kuchukua nafasi ya mafuta, mvuke unachujuka, na unateremka taratibu hadi kwenye kiwango kile kile cha kulipuka. Lile tanki ulilokuwa ukiliogopa asubuhi likiwa limejaa, ndani yake palikuwa na nafasi ndogo ya mlipuko kuliko hili unaloliita tupu saa nane mchana.

Piga hesabu. Chukua kompatimenti ya lita 7,000. Asilimia 2 yake ni lita 140 za mvuke. Lita moja ya petroli ikigeuka mvuke yote hutoa karibu lita 200. Kwa hiyo petroli isiyofika lita moja, iliyojificha kwenye paipu au kwenye kona ya chini, inatosha kuifanya kompatimenti nzima iwe tayari kulipuka. Inayobaki baada ya "kumwaga yote" mara nyingi huzidi hapo.

Kuna wanaojitetea kwamba wamefungua vifuniko na upepo umepiga tangu asubuhi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi kama moshi wa jiko. Unalala chini ndani ya tanki na kufungua juu hakuuondoi. Pua nayo si kipimo, maana ikizoea harufu huacha kuisikia. Anayepeleka tanki kuchomelewa lazima akaushe kila kompatimenti pamoja na paipu zake, aoshe au apige mvuke wa maji moto huku tanki likiwa limefungwa waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini (mvuke wa maji wenyewe huzalisha umeme tuli), apulize hewa, kisha ashushe kipima gesi chini, katikati na juu. Kipimo kirudiwe kazi ikisimama hata kwa chakula cha mchana, kwa kuwa joto la kuchomelea hutoa mabaki yaliyojificha chini ya kutu na kwenye maungio. Fundi akisema kupima si lazima kwa kuwa anachomelea bampa tu, tafuta fundi mwingine.

Dhana hii ina mtoto wake: "Jana Super, leo dizeli, hapo hakuna shida." Shida ipo, na ni kubwa kuliko kupakia Super juu ya Super. Dizeli ikimiminwa kwenye kompatimenti iliyobeba petroli, inaufyonza ule mvuke uliokuwa mzito mno, na kuushusha mpaka uingie kwenye kiwango cha kulipuka. Wakati huohuo dizeli inayopita kasi kwenye hosi huzalisha umeme tuli. Mchanganyiko wa kulipuka na cheche vinakutana mahali pamoja. Ndiyo sababu mwanzo wa kupakia mwendo haupaswi kuzidi mita 1 kwa sekunde mpaka mdomo wa paipu ufunikwe na mafuta. Waya wa ethi hufungwa kabla kifuniko hakijafunguliwa na hutolewa mwisho kabisa. Huo mpangilio huulizwa sana, na ajabu ni kwamba wanaoufuata kila siku depo ndio wanaoukosea kwenye karatasi.

Nyingine ni za kupita haraka.

"Dizeli si shehena hatari." Ni daraja la 3, la vimiminika vinavyowaka, kama petroli; namba yake ya Umoja wa Mataifa (UN) ya shehena hatari ni 1202. Tofauti ni kundi la ufungashaji, linaloonyesha ukali wa hatari: petroli ni la II, dizeli ni la III. Dizeli inahitaji joto zaidi ndipo itoe mvuke wa kuwaka, na breki zilizoshika moto kwenye mteremko wa Mai Mahiu zinalo joto hilo.

"Namba za kwenye kibao cha rangi ya chungwa ni za polisi." Ni za kwako, na za zimamoto. Namba ya chini ni ya bidhaa: 1203 petroli, 1223 mafuta taa, 1075 gesi ya kupikia. Ya juu ni ya hatari: 30 ni kimiminika kinachowaka, 33 ni kinachowaka upesi sana kwa sababu tarakimu ikirudiwa hatari imeongezeka, 23 ni gesi inayowaka. Ukiona herufi X mbele ya namba, maji ni marufuku. Lori likibeba petroli na dizeli kwenye kompatimenti tofauti na likaweka kibao kimoja, namba inayowekwa ni ya petroli, ile inayoshika moto kwa joto la chini zaidi, hata kama dizeli ndiyo nyingi.

"Video za Marekani zinatosha." Zile zinamwandaa mtu kwa mtihani wa kwao, ambao katika majimbo mengi una maswali 30 na unafaulu kwa 24, wenye vipimo vyao vya pauni na futi. Hazikufundishi 33 juu ya 1203. Mkenya anayekwenda kuendesha kule azitazame. Anayebaki Mombasa Road aweke simu chini asome miongozo ya hapa.

"Karatasi za mzigo zikae salama kwenye kitanda cha kebini." Zikae unapozifikia ukiwa umefunga mkanda. Ukishuka, ziache kwenye mfuko wa mlango wa dereva au juu ya kiti, ili anayekuja kukuokoa azione bila kupekua. Mpangilio wake ni namba ya UN, jina, daraja, kundi.

"Mtungi wa unga ni wa kuzima moto wa mzigo." Ni wa injini, kebini, na tairi likiwa ndiyo kwanza linaanza. Unga huangusha miali lakini haupoozi, kwa hiyo tairi huwaka tena. Moto ukishafika kwenye tanki, kimbia. Mwongozo wa dharura wa Amerika Kaskazini unataka watu waondolewe mita 800 kila upande tanki la petroli likiwa ndani ya moto. Kwa gesi ya kupikia ni mita 1,600. Kwa petroli iliyomwagika bila moto, anza na mita 50 kila upande.

Na mafuta yakimwagika, ndipo watu wenye jerikeni za kuyachota huanza kufika. Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa mafuta yaliyomwagika yaliposhika moto. Kwenye mtihani, kazi ya dereva hufuatana hivi: zima injini, kata swichi ya betri, chukua karatasi, simama upande upepo unakotoka, zuia watu, piga 999 au 112 ukiwa mbali na mvuke. Alama za barabarani ni pembetatu za kuakisi, kamwe si za moto. Anayeandika kwamba atampigia tajiri kwanza hupoteza alama, na hapaswi kulalamika.