Je, wajua kwa nini mchezesha vikaragosi wa televisheni hakitazami kikaragosi chake?

Ukibahatika kuingia studio wakati kipindi cha watoto chenye vikaragosi kinarekodiwa, utaona kioja. Juu, kikaragosi kinacheka, kinashangaa, kinataniana na mtoto. Chini yake kuna mtu mzima aliyejibana kwenye kijisehemu kidogo, mkono wa kulia kaunyoosha juu ya kichwa, shingo kaipinda upande, macho kayakodolea skrini iliyowekwa sakafuni. Kikaragosi chenyewe hakiangalii kabisa. Anaweza kukichezesha kutwa nzima asikione ila kwenye ile skrini.

Jibu fupi ni kwamba mtu huyo hachezeshi kikaragosi, anachezesha picha. Mtoto aliye nyumbani haoni mkono, haoni sakafu, haoni studio. Anaona pembe nne za televisheni na kilichomo ndani yake. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kikaragosi kinamtazama mtoto machoni, au kinatazama dari kama mtu anayehesabu mapaa, hana budi kukiona kama mtoto anavyokiona.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sanaa yenyewe ni kongwe, na hata neno letu karagosi limesafiri kutoka mbali: asili yake ni Karagöz, mhusika mcheshi wa michezo ya vivuli ya Waturuki, ambaye jina lake lina maana ya jicho jeusi. Kwa karne nyingi mchezeshaji alijificha nyuma ya pazia au ndani ya kibanda, na kibanda ndicho kilichokuwa jukwaa. Televisheni ilipoanza, vibanda vilihamishiwa studio vilivyo, kamera ikawekwa mbele kama mtazamaji aliyewahi kiti cha kwanza. Burr Tillstrom wa Marekani alifanya hivyo kuanzia 1947 katika Kukla, Fran and Ollie, na watu walimpenda sana.

Kisha mwaka 1955 kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia chuo, Jim Henson, akapewa kipindi cha dakika tano katika kituo kimoja cha Washington. Kiliitwa Sam and Friends. Yeye na mwenzake Jane Nebel wakaona jambo ambalo leo linaonekana la wazi kabisa: kibanda cha nini, na televisheni yenyewe ni kibanda? Ukingo wa chini wa picha unatosha kumficha mtu. Wakaondoa pazia, kikaragosi kikapata uhuru wa kwenda popote kamera inapoelekea, hadi kuisogelea uso kwa uso. Na kamera ikikaribia kiasi hicho, uso wa mbao haufai tena. Unahitaji uso laini, unaokunjika na kununa. Kermit wa kwanza, kikaragosi cha Henson ambacho baadaye kilikuja kuvuma kama chura, alishonwa mwaka huohuo kwa koti kuukuu la mama yake Henson, macho yakawa mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa vipande viwili. Wakati huo hakuwa hata chura.

Lakini kuondoa kibanda kulileta shida mpya. Ndani ya kibanda unajua mpaka wako, kwa kuwa unaugusa. Mpaka wa picha haugusiki. Ukiinua mkono sentimita tano zaidi, kiwiko chako kinaonekana nchi nzima. Ndipo skrini ya sakafuni ikawa jicho la mchezeshaji.

Skrini hiyo, sasa, ina ukaidi wake. Sisi sote tumezoea kioo cha kujitazamia: ukisogea kulia, mtu wa kwenye kioo naye anasogea upande huohuo. Picha ya kamera hufanya kinyume. Mchezeshaji akipeleka mkono kulia kwake, kikaragosi kwenye skrini kinakwenda kushoto. Mwanagenzi anaambiwa kikaragosi kitoke upande wa kulia wa picha. Anakitoa mbio, kwa kujiamini kabisa, upande wa kushoto, na kugongana na mwenzake aliyekuwa anaingia. Bila shaka mtu atauliza kwa nini picha isigeuzwe tu. Kugeuza kunawezekana, ila hapo maandishi yote yatasomeka kinyumenyume, na mwongozaji anaposema "kulia" wewe unaona kushoto. Walio wengi huona heri kuufundisha ubongo. Baada ya miezi kadhaa ya mazoezi mkono huacha kuuliza.

Mimi nilijaribu kwa soksi na simu, nikajiona hodari sana. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba kamera ya mbele ya simu hugeuza picha iwe kama kioo, kwa hiyo sikuwa nimejaribu lolote. Nilipotumia kamera ya kawaida iliyounganishwa na televisheni, soksi yangu haikuweza hata kumgeukia mtu niliyekuwa nikizungumza naye. Na baada ya kama dakika mbili, bila mimi kujua, ilikuwa imezama: mkono unachoka kidogokidogo, na kikaragosi kinashuka kama mtu anayeshuka ngazi hali anaongea. Wachezesha vikaragosi wote wanaifahamu aibu hiyo. Ndiyo maana kwenye usaili hutokea watu wakaambiwa tu wainue mkono na kuushikilia juu.

Tuje kwenye mdomo, maana hapo ndipo mgeni anapotambulika mara moja. Mkono wako ukiwa ndani ya kichwa, vidole vinne ndiyo taya la juu na kidole gumba ndiyo taya la chini. Asiyefundishwa huongea kwa kurusha vidole vinne juu, na kichwa chote kinarukaruka, macho yanaelekea darini kila neno. Jaribu kuzungumza mbele ya kioo: taya lako la chini ndilo linaloshuka, kichwa kimetulia. Basi kazi ni ya gumba. Kosa la pili ni kufunga mdomo pale sauti inapotoka, badala ya kuufungua, na kikaragosi kinaonekana kinang'ata maneno. Kiswahili kingekuwa mwalimu mzuri hapa, nadhani. Karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu, na irabu ndiyo inayofungua kinywa. Ila ukifungua kwa kila silabi ya "wanaosherehekea" utaonekana unatafuna kitu. Afadhali kuachama zaidi pale mkazo unapoangukia, silabi ya pili kutoka mwisho, na nyingine kuzigusa tu.

Macho ni suala la kiwiko na kifundo cha mkono. Mkono ulioinuliwa wima hupenda kuelekeza uso wa kikaragosi juu. Ili kitazame mbele, lazima kifundo kikunjwe kuja mbele na kishikiliwe hivyo muda wote wa kurekodi. Hakuna maumbile yaliyoukusudia mkono kukaa hivyo. Mabega, shingo na mgongo ndivyo vinavyolipa gharama, na wengi huwa na mazoezi ya viungo ya kila siku kama wanariadha. Studio zenye uwezo huinua mandhari yote juu ya majukwaa ili wachezeshaji wasimame wima chini yake; kwingine wanajikunja kwenye vigoda vya magurudumu wakijisukuma huku na huko.

Je, umewahi kugundua kwamba vikaragosi vingi vya televisheni ni mashoto? Wengi wetu tunatumia mkono wa kulia, na mkono ulio hodari hupewa kichwa. Wa kushoto unabaki kushika fimbo nyembamba iliyofungwa kwenye mkono wa kikaragosi, na kwa kawaida huwa ni mkono wake wa kushoto. Kikipunga mkono, kikiandika, kikinywa chai, kinatumia huohuo.

Vipo vikaragosi vyenye viganja vya kweli, kama Cookie Monster wa Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani kilichoanza tarehe 10 Novemba 1969. Hivyo huhitaji watu wawili waliobanana kama samaki wa kopo. Mmoja ana kichwa na mkono wa kushoto. Mwingine anaingiza mkono wake kwenye glavu ya kulia, na kazi yake ni hiyo tu. Hatamki neno. Anatakiwa abashiri mwenzake atafanya nini, wakati mwingine kabla mwenyewe hajajua. Mlango wa kuingilia kazi hii ndio huo. Mwanagenzi anaweza kukaa miaka akiwa mkono wa kulia wa mtu, akijifunza kupumua naye, kabla ya kukabidhiwa mhusika wake mwenyewe. Mtu aliyeingia kwa ajili ya umaarufu hutoka mapema, maana hapa hata uso wako hauonekani, sembuse jina.

Anayeonyesha ugumu wa kazi yote kwa mpigo mmoja ni Caroll Spinney, aliyemchezesha Big Bird, ndege wa manjano wa Sesame Street mwenye urefu wa futi 8 na inchi 2, yaani karibu mita 2.5. Spinney alikuwa ndani ya ndege. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu kabisa ndani ya kichwa chenye uzito wa karibu kilo 2, kidole cha mwisho kikiendesha kope. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye bawa la kushoto. Bawa la kulia halikuwa na mkono ndani yake: liliunganishwa na la kushoto kwa uzi wa kuvulia samaki, moja likipanda lingine linashuka. Ndani ya manyoya hamna tundu la kuchungulia, hivyo skrini ndogo ilifungwa kifuani mwake, na kurasa za maneno yake zikabandikwa humohumo. Hivyo ndivyo alivyotembea, akacheza dansi, hata kuteleza kwa magurudumu, akijiona kwa nje tu, kwa mbali, kinyume cha kioo.

Mtu huyohuyo alimchezesha Oscar, yule mnuni wa kwenye pipa la takataka, na sauti yake aliiiga kwa dereva wa teksi wa New York. Sauti, katika kazi hii, hairekodiwi peke yake kama kwenye katuni. Mchezeshaji huvaa kipaza sauti kichwani na kusema na kuchezesha kwa wakati mmoja. Pumzi na kidole gumba ni chanda na pete.

Wapo waliokataa kujificha kabisa. Harry Corbett wa Uingereza alinunua kikaragosi cha dubu cha kuvaa mkononi mwaka 1948 katika gati la Blackpool, akakipaka masizi masikioni na puani ili kionekane vizuri kwenye televisheni ya nyeusi na nyeupe, na ndipo kikaitwa Sooty, kutokana na masizi hayo. Sooty hasemi. Anamnong'oneza Corbett sikioni, Corbett anatuambia alichosema. Mwaka 1976 Corbett alimwachia kazi mwanawe Matthew, na dubu akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Urithi wa namna hiyo ni sehemu ya ajira yenyewe. Spinney alifanya kazi tangu 1969 hadi alipostaafu 2018, na Matt Vogel alikuwa akijifunza chini yake tangu 1996. Zaidi ya miaka ishirini ya kujiandaa kuwa ndege ambaye hapaswi kuonekana amebadilika.

Njia za shule zipo pia, japo chache. Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, kina shahada ya fani hii, iliyoasisiwa na Frank Ballard miaka ya 1960. Charleville-Mézières, Ufaransa, kuna chuo cha taifa cha sanaa hiyo tangu 1987. Na Prague, ambako chama cha kimataifa cha wachezesha vikaragosi, UNIMA, kilizaliwa mwaka 1929, nako inafundishwa. Lakini televisheni huajiri kwa msimu. Kipindi kikiisha mkataba umeisha, na mwenye akili hujua pia kushona, kuandika, au kuigiza sauti.

Na kujificha kwote huku, watoto hawakuhitaji. Wanaoletwa studio humwona mchezeshaji waziwazi, amelala chini, kaptula na jasho. Wanamtupia jicho mara moja, kisha wanakigeukia kikaragosi na kukisimulia habari za nyumbani. Kuna kipande maarufu cha Sesame Street ambamo msichana mdogo anaimba alfabeti na Kermit, na kila baada ya herufi kadhaa anachomeka jina la Cookie Monster kwa makusudi na kuangua kicheko. Kermit anaudhika, anaondoka zake. Msichana anamwambia kwamba anampenda, na chura anarudi kumwambia kwamba naye anampenda. Chini ya ukingo wa picha, Henson hakuwa akimtazama mtoto yule wala chura. Alikuwa anatazama skrini.