Maji Yakipwa Mlangoni mwa Sabaki

Watu huniuliza waje saa ngapi kuwaona ndege wa Sabaki, pale mto huu unapoingia baharini karibu na Malindi, Kenya. Nami huwauliza: mwezi uko wapi? Kazi yangu ni kuhesabu ndege, na mara ya kwanza nilifika alfajiri, kama nilivyozoea bara. Nikakuta tope tupu na ndege wametawanyika kama mtama uliomwagika. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akacheka. "Mwanangu, hesabu maji kwanza. Ndege hawakimbii."

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hupita mita 3. Maji yakijaa humeza tope lote, na vitwitwi, sululu na buabua hubanana kwenye mafungu machache ya mchanga. Hapo ndipo pa kuhesabia. Yakipwa, vitwitwi na sululu hurudi matopeni kula, na watu wa kijijini nao hushuka na nyavu zao. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ratiba ya ukutani haisaidii mtu.

Tope lenyewe limesafiri. Mto huu juu huko ni Athi, ukishakutana na Tsavo huwa Galana, na hapa ni Sabaki. Mvua ikipiga Ukambani, udongo wa mashamba huteremka mpaka bahari ya Malindi ikawa nyekundu kama chai ya maziwa iliyokolea. Wenye hoteli hununa, na matumbawe yaliyo kusini hayalipendi kabisa. Lakini ndani ya tope hilo mna minyoo, kaa na kamba wadogo. Kitwitwi mwenye mdomo mfupi hudonoa juu juu. Sululu, kwa mdomo wake mrefu uliopinda, humfuata kaa shimoni. Ndiyo maana hawagombani.

Ndege ninayempenda zaidi, ambaye Waingereza humwita Madagascar pratincole, hagusi tope. Umbo lake ni la mbayuwayu mkubwa, huzaliana Bukini, yaani Madagaska, na huja kwetu na upepo wa kusi, kuanzia Aprili hivi. Hudaka wadudu angani, kisha hupumzika mchangani akielekea upepo. Kufikia Septemba anaondoka, wakati vitwitwi wa Siberia wanaingia, wengine hawazidi gramu 30. Zamu zao hupishana kama za mabaharia wa zamani.

Ng'ombe wanaolisha majanini hawawashtui ndege hawa; wamewazoea. Anayewashtua ni mpiga picha anayewakimbilia ili waruke. Kila wanaporuka wanachoma mafuta waliyoweka kwa ajili ya safari.

Basi njoo siku ya bamvua, muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, na kaa chini mbali na fungu. Jua likikaribia kutua, ondoka. Vijia vile vipana kwenye matete si vya watu, ni vya viboko.