Je, wajua kwa nini marabi wa kale huitwa Rashi, Rambam au Ramban?

Ukimsikia msomi wa Kiyahudi akisema, "Rambam kaandika hivi, lakini Ramban kampinga," usidhani ulimi umeteleza. Hao ni watu wawili, na kila jina ni herufi za mwanzo za jina refu zaidi, zilizounganishwa zikasomwa kama neno moja.

Rambam ni Rabbi Moshe ben Maimon, mzaliwa wa Córdoba, tabibu na mwanasheria aliyefariki Misri mwaka 1204. Ramban ni Rabbi Moshe ben Nachman wa Girona, yule aliyeitetea dini yake katika mdahalo wa Barcelona mwaka 1263 mbele ya mfalme wa Aragon. Wote ni akina Moshe, wote asili yao Hispania. "Ben" ndiyo "bin" yetu, hivyo kinachowatofautisha ni baba, na baba kabakia herufi moja tu mwishoni. Herufi hiyo ina kazi kubwa, maana Ramban aliandika hoja nyingi za kupinga namna Rambam alivyozihesabu amri 613 za Torati. Mwanafunzi akiikosea, amempa mtu maneno ya mpinzani wake.

Maandishi ya Kiebrania yanauruhusu mtindo huu kwa urahisi. Huandikwa konsonanti zaidi, na irabu nyingi msomaji hujitilia mwenyewe. Karatasini kuna R, M, B na M. Ukitia "a" unapata Rambam. Vistari viwili vidogo kabla ya herufi ya mwisho huonya kwamba hicho ni kifupisho. Rashi, mfafanuzi mashuhuri wa Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya marabi (1040–1105), ni Rabbi Shlomo Yitzchaki wa Troyes, Ufaransa. "I" ya mwisho ni ile Y ya Yitzchaki. Naye Rif ni Rabbi Yitzchak al-Fasi: F yake ni mji wa Fez, Moroko, alikoishi na kufundisha kabla ya kukimbilia Hispania uzeeni.

Haja ya kufupisha ilitoka kwenye vitabu vyenyewe. Sheria ya Kiyahudi huandikwa kwa majibizano: huyu kasema, yule kajibu, wa tatu kasuluhisha, na kila mmoja lazima atajwe. Kwa mnakili wa mkono, kurudia jina, baba na mji katika kila aya kulikuwa mzigo.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba ufupi huo haukupunguza heshima. R ya mwanzo ni Rabbi. Kwa Maharal wa Prague, aliyefariki 1609, herufi za mwanzo zinasimamia "mwalimu wetu, rabi". Huwezi kumtaja bila kumwita mwalimu wako.

Wengine hata majina yao yalimezwa na vitabu vyao. Shabbatai ha-Kohen alichapisha ufafanuzi wa sheria uitwao Siftei Kohen mwaka 1646, akiwa kijana bado. Kutokana na herufi za mwanzo za jina la kitabu hicho, mpaka leo wanafunzi humwita Shakh.