Mshale wa mafuta unaposoma juu kwenye Cessna 206 ya zamani

Kwenye Cessna 206, ndege ndogo ya injini moja, ya miaka ya 1970 yenye injini ya Continental IO-520 ya silinda sita, geji ya mafuta iliyoandikwa galoni kwa saa haipimi mtiririko hata kidogo. Inapima shinikizo. Kijibomba chembamba kinatoka kwenye kigawanyo cha mafuta juu ya injini, kinapenya ukuta wa moto unaotenga injini na chumba cha rubani, na kuleta petroli yenyewe hadi nyuma ya dashibodi. Humo ndani ya geji, bomba la Bourdon, yaani kibomba kilichopinda, linajikunjua kwa shinikizo na kusukuma mshale. Zile galoni ni sahihi iwapo tu nozeli zote sita, vidomo vinavyonyunyizia kila silinda mafuta, ziko wazi.

Nozeli moja ikiziba, mafuta yanabanwa kupita kwenye tano zilizobaki. Shinikizo linapanda, mshale unapanda, huku silinda moja ikikosa mafuta. Rubani anadhani injini inakula sana, anavuta mkono wa mchanganyiko, ule unaopunguza mafuta yanayochanganywa na hewa, ili mshale urudi mahali pake, na ile silinda yenye kiu inazidi kukaushwa. Kwa hiyo geji ikisoma juu na injini ikawa inatetemeka inapozunguka polepole, anza na nozeli. Skrubu za pampu ziache kwanza. Wengi hukimbilia huko na kuharibu marekebisho yaliyokuwa sawa.

Kipimo ni chupa sita zinazolingana. Toa ndege nje ya hanga, zima magneto zinazotoa cheche za injini, weka kizima moto karibu. Fungua nozeli, zirudishe kwenye mabomba yake, kila moja iingie chupani. Mchanganyiko mbele kabisa, throto wazi, kisha washa pampu ya umeme kwa muda mfupi. Chupa yenye mafuta kidogo ndiyo jibu. Loweka nozeli hiyo kwenye asetoni, ipulize kwa hewa kutoka upande wa mdomo, itazame kwenye mwanga. Waya usiingize kamwe: unapanua tundu. Kila nozeli irudi kwenye silinda yake.

Geji ikisoma chini ilhali injini ina nguvu zake zote, shuku kijibomba cha geji au kile kitundu kidogo kwenye kiungio chake. Mshale ukitikisika, mara nyingi ni hewa ndani ya kijibomba.

Kabla ya kuilaumu geji yenyewe, unganisha geji ya majaribio iliyokaguliwa na ulinganishe. Au jaza matangi yote hadi shingoni, andika usomaji kila dakika 5 tangu kuwasha hadi kuzima, kisha jaza tena ndege ikiwa palepale. Galoni 1 ya Marekani ni lita 3.785. Wastani wa usomaji huo zidisha kwa saa ulizotumia, upate galoni ambazo geji inadai. Ikidai galoni 15 na pampu ya uwanjani ikaweka lita 49, umetumia 13 tu.

Na ukisikia harufu ya petroli ndani, angalia nyuma ya dashibodi. Doa la buluu kwenye kiungio ni 100LL, petroli ya ndege yenye rangi hiyo, inayovuja, sentimita chache kutoka kwenye nyaya za umeme. Ndege hiyo hairuki.